Swali la Mlangoni

Leo nawaleteeni habari za usiku mmoja niliokwenda kusikiliza muziki Tokyo, mji mkuu wa Japani. Nilikwenda kujifurahisha, nikarudi nimefundishwa adabu.

Upande wa magharibi wa mji ule kuna mtaa uitwao Shimokitazawa. Njia zake ni nyembamba, tena zimejaa vijana. Chini ya maduka, katika vyumba vya chini ya ardhi, mna nyumba ndogo za muziki. Bendi nyingi zipigazo humo hazina kampuni kubwa ya kuzilea; hujitegemea. Muziki nilioufuata huitwa saikedeliki, nao ulianza Marekani na Uingereza katika miaka ya 1960. Magitaa hulia kwa mwangwi kama wa pangoni, na mwimbaji huimba polepole kama mtu aotaye ndoto.

Nikateremka ngazi. Mlangoni msichana mmoja aliniinamia, akaniuliza kwa Kiingereza kidogo: “Umekuja kusikiliza bendi gani?” Usiku ule zilikuwa nne. Nikajibu, “Zote, dada. Mimi mgeni tu.” Akasita kidogo. Nikalipa kiingilio, na juu yake yeni 600 za kinywaji. Ndiyo desturi yao. Hata asiye na kiu hulipa.

Saa ilipotimia, muziki ukaanza. Lo! Watu kimya kabisa. Nikadhani hawakupendezwa. Kumbe wanasikiliza! Wimbo ulipokwisha, makofi yakavuma. Kwetu ngoma isiyopigiwa vigelegele imekufa. Kwao kunyamaza ni kumheshimu mpigaji.

Mwishoni nilimkuta mpiga gitaa mmoja mezani, akiuza santuri za bendi yake. Ndiye aliyenieleza maana ya lile swali. Nyumba nyingi huipa kila bendi hesabu ya tikiti za kuuza, nayo huitwa noruma. Tuseme bendi imepewa tikiti 20 za yeni 2,000 kila moja. Ikileta watu 5 tu, zile 15 zilizobaki bendi yenyewe huzilipa: yeni 30,000! Kwa hiyo mlangoni huandikwa kila mtu amekuja kwa ajili ya nani. Yeye mwenyewe mchana huosha vyombo mkahawani, na usiku hulipa ili apate kupiga.

Nikaona haya. Lile “zote” langu nililidhani la ukarimu, kumbe halikumsaidia hata mmoja! Nikanunua santuri yake, nikawahi gari moshi la mwisho.

Si wote wanaobaki vyumbani mle. Bendi iitwayo Kikagaku Moyo ilianza mwaka 2012 kwa kupiga barabarani papo hapo Tokyo. Ilizunguka Ulaya na Marekani, hata ikaagana na wasikilizaji wake mwaka 2022. Lakini walio wengi hubaki kule chini, wakihesabu tikiti.

Juma la pili nilirudi. Msichana akauliza swali lile lile. Safari hii nilitaja jina la bendi ya yule mwosha vyombo. Akatabasamu, akachora mstari mmoja mbele ya jina lile.

Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika huko, jifunze jina moja kabla hujateremka ngazi. Kwako ni neno tu. Kwa mtu mwingine ni mzigo uliopungua.