Saikolojia kwa Msomaji wa Kawaida (3): Kumbukumbu ya Shahidi

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu milango ya fahamu na uzingativu: namna habari za dunia zinavyotufikia, na namna akili inavyochagua chache na kuziacha nyingine zipite. Leo tunafika kwenye kumbukumbu. Nimeamua kuitazama kutoka mahakamani, kwa sababu huko kosa la kumbukumbu linaweza kumnyang'anya mtu miaka ya uhai wake, na kwa sababu majaji wa Afrika Mashariki waliiona hatari hiyo mapema.

Upimaji wa kumbukumbu ulianza Ujerumani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa mafungu, kisha akapima ameokoa kiasi gani cha kazi alipozikariri upya baada ya muda kupita. Baada ya dakika 20 aliokoa kama asilimia 58. Baada ya siku moja, asilimia 34. Baada ya mwezi, asilimia 21. Tazama mwendo wa upotevu huo. Sehemu kubwa huondoka katika saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Silabi tupu si sawa na tukio la ujambazi, lakini mwendo huo umeonekana tena katika tafiti nyingi, na mpelelezi anayesubiri siku kadhaa kabla ya kuandika maelezo ya shahidi anapaswa kuufikiria.

Kumbukumbu pia si kitu kimoja. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa kikali. Alimwondolea sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, kushoto na kulia. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi kifo chake mwaka 2008 Molaison hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa zoezi la kufuatisha mchoro wa nyota akiutazama kwenye kioo. Mkono wake uliendelea kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila mara aliamini kwamba hajawahi kulifanya zoezi hilo. Ustadi wa mkono una njia yake ubongoni, na matukio yana njia nyingine. Mahakama hutegemea hii ya pili, ambayo ndiyo dhaifu zaidi.

Udhaifu wake hauishii kwenye kusahau. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alitoa kitabu kilichoeleza alivyowapa Waingereza ngano ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka mashua. Uwindaji wa sili ukageuka uvuvi wa samaki. Mambo ya mizimu ambayo hawakuyaelewa yakaachwa au yakapewa sababu za Kiingereza. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Bartlett alihitimisha kwamba kukumbuka ni kujenga upya, kama fundi anayeusimamisha tena ukuta wa udongo ulioanguka: mawe mengi ni yale ya zamani, udongo unaoyashika ni wa leo.

Sasa jiulize huo udongo wa leo unatoka wapi. Jibu lililotikisa taaluma lilitolewa mwaka 1974 na Elizabeth Loftus pamoja na John Palmer. Waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za barabarani, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walikadiria maili 31.8.

Mtu anaweza kusema kwamba swali liliwaelekeza kwenye jibu tu, na kumbukumbu yenyewe ilibaki salama. Loftus na Palmer walilifikiria hilo. Katika jaribio la pili waliwaita wanafunzi tena baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kati ya wanafunzi 50 waliokuwa wamesikia neno la "kubamizana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, waliosema hivyo walikuwa 7. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa lolote kuhusu mwendo, walikuwa 6. Neno moja la muulizaji lilikuwa limeingia ndani ya tukio, na wiki moja baadaye wenye kumbukumbu hiyo hawakuweza kulitenganisha na walichokiona kwa macho.

Nje ya maabara, kesi ya Ronald Cotton inaonyesha gharama ya kosa la namna hiyo. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, mwanafunzi wa chuo alibakwa usiku nyumbani kwake. Wakati wa unyama huo alijilazimisha kuisoma sura ya mbakaji ili asiisahau. Polisi walimwonyesha picha kadhaa, akachagua ya Cotton. Baadaye alipangiwa watu awatambue ana kwa ana, akamchagua Cotton tena. Kati ya wote waliosimama pale, ni Cotton peke yake ambaye picha yake ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Polisi wakamhakikishia kwamba amechagua mtu yule yule. Alipofika kizimbani hakuwa na shaka hata chembe, na Cotton akafungwa. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mhalifu halisi, Bobby Poole, aliletwa mbele yake, naye akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilimtambua Poole, na Cotton akatoka baada ya kukaa ndani zaidi ya miaka kumi.

Huyu shahidi hakuwa mwongo, wala hakuwa mzembe. Alikuwa na akili timamu na alijitahidi kuliko wengi wetu tungeweza. Uhakika wake ulijengwa kidogo kidogo na taratibu alizopitishwa, na sura ya Cotton ikakaa mahali pa sura ya Poole.

Ndiyo maana nasoma kwa heshima uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, mahakama hiyo ikiwa na takriban mwaka mmoja tu tangu kuundwa. Majaji walieleza kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na kwamba haufai kutegemewa mpaka kila uwezekano wa makosa uwe umeondolewa. Wakataka yachunguzwe mambo kama muda shahidi aliomwona mshitakiwa, umbali uliokuwapo, hali ya mwanga, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Mapema zaidi, mwaka 1936, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka kanuni za gwaride la utambulisho katika kesi ya Mwango s/o Manaa: mtuhumiwa asimame kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kadiri inavyowezekana, na shahidi asimwone kabla ya gwaride.

Vigezo vya Waziri Amani vinahusu dakika za tukio. Utafiti wa Loftus na waliomfuata unatutaka tuzichunguze pia siku zinazofuata: nani alizungumza na shahidi, kwa maneno gani, na alionyeshwa picha ya nani. Kanuni ya 1936 ya kutomwona mtuhumiwa mapema ilitungwa kabla ya simu za mkononi. Leo picha ya kijana aliyekamatwa ikishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, gwaride linalofuata linaweza kupima kumbukumbu ya picha hiyo tu. Naamini wakili wa utetezi anayo haki ya kuliuliza hilo, na mwendesha mashitaka anao wajibu wa kulijibu.

Wanasaikolojia wanapendekeza hatua ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Askari anayeendesha gwaride asijue mtuhumiwa ni yupi, ili macho na sauti yake visimwelekeze shahidi. Shahidi aambiwe waziwazi kwamba mhalifu huenda hayumo. Kiwango cha uhakika wake kiandikwe pale pale, kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kumpongeza. Na mahojiano ya kwanza yaanze kwa ombi la "tueleze ulichokiona", kisha muulizaji anyamaze na kuandika.

Wiki ijayo: kujifunza, kuanzia kwa Ivan Pavlov.