Kabla ya kuifufua Land Rover ya babu, soma namba ya injini

UKIPITA vijiji vya Kamachumu au Katerero si ajabu kukuta, pembeni mwa kibanja, Land Rover ya zamani imeegeshwa chini ya mti na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mzee aliyeinunua kwa fedha za kahawa hataki iuzwe kama chuma chakavu. Wajukuu wanataka kuisikia ikiunguruma. Katikati wapo baba na mama wenye kibubu kimoja, hichohicho cha sare, madaftari na nauli za shule.

Magari haya humaliza kibubu kwa njia inayojirudia: spea hununuliwa kabla injini haijajulikana. Fedha zinatumwa Dar es Salaam, kifurushi kinakuja kwa basi, kikifika hakiingii.

Injini ya lita 2.25 ilifungwa kwenye Land Rover tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Ndani, za kabla ya 1980 kranki yake inashikwa na beringi kubwa 3, za baadaye 5, na kranki ya moja haikai kwenye bloku ya nyingine. Ipo ya petroli na ya dizeli. Upana wa silinda ni uleule, pistoni ni tofauti. Tena gari lililopita kwa mafundi wengi huenda lilishabadilishwa injini, hivyo mwaka ulioandikwa kwenye kadi si ushahidi wa kilichomo chini ya boneti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa: safisha ubavu wa bloku, soma namba iliyogongwa, ipige picha, ilinganishe na kadi. Zikitofautiana, ulizia TRA mapema.

Kisha keti na mzee. Gari lilizimika vipi? Lilichemsha, lilikuwa linakula oili, au lilikosa betri tu? Fundi wake nani, na yupo? Kranki iliwahi kuchongwa? Ikishachongwa inahitaji beringi nene zaidi, ambazo mafundi huziita teni, twenti, theti na foti, kwa elfu za inchi zilizoondolewa. Ikifika foti, kwa kawaida haichongwi tena. Jibu hilo mzee analo leo; duka la spea halina.

Injini iliyolala miaka mingi isivutwe na gari jingine ili iwake. Fungua plagi, mimina oili kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa, halafu uizungushe taratibu kwa ile hendeli ya mbele. Kuilazimisha ni kuvunja ringi ambazo pengine zilikuwa nzima.

Spea? Ukizikosa Bukoba mjini, Dar wapo wa Gerezani na Kariakoo. Kwa mtu wa Kagera, Kampala ni karibu zaidi: unavuka Mutukula, unakwenda soko la Kisekka. Beba kipuri kibovu mkononi, dai risiti, na ukirudi pita forodhani. Gasketi na beringi zilizotumika usinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Fundi atakushauri ufunge injini ya Toyota. Kama gari ni la kubeba ndizi kwenda sokoni, ushauri ni mzuri, ila bei ya injini si gharama yote: kuna kuiunganisha na giaboksi, viti vya injini, na kubadili kadi. Kama ni kwa ajili ya mzee, muulize yeye kwanza.

Watoto wasinyonye petroli kwa mpira. Kusini mwa Sahara petroli yenye risasi iliondolewa mwisho wa 2005, na gari lililoegeshwa kabla ya hapo linaweza kuwa nayo tanki nzima. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Vumbi la breki na klachi za zamani nalo lisipulizwe, kwani nyingi zilikuwa na asbestosi; lifutwe kwa kitambaa kibichi, watoto wakiwa mbali.

Kazi yao ipo: kushika tochi, kupiga picha kila boliti kabla haijafunguliwa, na kuandika daftarini ilikotoka.