Seli Shina za Damu na Tiba ya Selimundu

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huharibiwa. Haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujigawa na kuacha nyingine mahali pake. Je, mpya hutoka wapi? Hutoka kwenye uloto, ndani ya mifupa, ambako mna seli shina za damu. Kariri sifa zake mbili:

(a) hujigawa na kutoa seli shina nyingine;
(b) hubadilika kuwa chembe nyekundu, chembe nyeupe au chembe sahani.

Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1961 na James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, waliofanya majaribio kwa panya.

Sasa mfikirie mgonjwa wa selimundu. Amerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama, hivyo chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Akiongezewa damu hupata nafuu, lakini chembe alizopewa hufa, na uloto wake huendelea kutengeneza zenye kasoro. Ndiyo maana watafiti waliamua kushughulikia chanzo.

Njia ya kwanza: kupandikiza uloto. Seli shina za mgonjwa huuawa kwa dawa kali, kisha huwekewa za mtu mwingine, hasa ndugu wa tumbo moja ambaye tishu zao zinalingana. Tatizo ni kwamba wengi hawana ndugu wa namna hiyo.

Njia ya pili: kuhariri jeni. Seli shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa na kuhaririwa ili zitengeneze himoglobini ya kijusi, ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, kisha hurudishwa mwilini. Hapa hahitajiki mchangiaji, ila gharama ni kubwa mno, na dawa kali hutumika vilevile. Uingereza iliidhinisha tiba hii Novemba 2023.

Tahadhari: usiandike kwamba aliyepona hawezi kurithisha jeni ya selimundu. Tiba hubadili seli za damu tu. Mbegu za kiume na mayai hubaki kama zilivyokuwa.

Jipime: Mwanamume aliyepona selimundu kwa kupandikizwa uloto amemwoa mwanamke asiye na jeni hiyo. Watoto wao watakuwaje?

Jibu: SS × AA hutoa AS pekee. Wote watakuwa wabebaji, hakuna atakayeugua.