Mazimwi ya Mfukoni: Tuwaache Watoto Watazame?

Jamaa yangu mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri, mkononi amefumbata bunda la kadi kama mtu aliyemshika mwizi na ushahidi wake. Akazimwaga pale barazani. "Ustadh, wewe ni mtu wa kalamu na chuoni umepita. Hebu nitazamie haya, kisha uniambie nizichome moto au nimrudishie." Kadi zilikuwa za mwanawe wa miaka tisa, na zimechorwa vijinyama vya rangirangi ambavyo Mola hakuviumba: panya wa manjano mwenye mashavu mekundu, kobe wa samawati, mjusi mwenye moto mkiani. "Na hiyo katuni yao," akaongeza, "ni kupigana tu, mwanzo mpaka mwisho."

Nilimjibu kwamba sihukumu nisichokiona. Kwa hivyo kwa masiku kadhaa, baada ya Isha, nimekaa na kijana mwenyewe tukitazama kwenye simu ya babake, naye akinifasiria kama mwalimu mwenye mwanafunzi mzito. Nayaandika haya kwa kuwa najua si mimi peke yangu niliyeulizwa swali hilo.

Katuni yenyewe yaitwa Pokémon, jina lililokatwa kutokana na maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni. Asili yake ni Japani. Aliyeyabuni mazimwi hayo, Satoshi Tajiri, alikulia Machida, kitongoji cha Tokyo, na utotoni hakuwa na shughuli kubwa kuliko kukamata wadudu. Kisha mji ukatanuka, majumba na maduka yakasimama palipokuwa na vichaka na madimbwi, wadudu wakatoweka. Alipokuwa mtu mzima alitunga mchezo wa kuchezwa kwenye kijikompyuta cha mkononi, uliotolewa mwezi wa Februari 1996, ambamo mtoto wa mjini aliyefungiwa baina ya kuta aweza tena kuingia majanini, akakamata kiumbe, akabadilishana na mwenziwe. Katuni ilifuata tarehe 1 Aprili 1997 katika kituo cha TV Tokyo. Shujaa wake kwa Kijapani ni Satoshi, jina la mbuni mwenyewe. Wafasiri wa Kimarekani ndio waliomwita Ash.

Yeyote kati yetu aliyepata kumfunga kereng'ende uzi mkiani akakimbia naye uwanjani, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Hadithi ni nyepesi. Ash ana miaka kumi, na desturi ya nchi yao ni kwamba mtoto wa umri huo aweza kuondoka nyumbani kwenda kuwakamata na kuwafunza wanyama hao, kisha awashindanishe na wa wenzake. Siku ya safari amechelewa kuamka. Wanyama watatu walio wazuri wamekwisha chukuliwa, naye anapewa baki, panya Pikachu, mkaidi asiyekubali hata kuingia katika tufe wanamofungiwa wenzake. Njiani Ash anarusha jiwe, linampata ndege asiyefaa kuchokozwa, na kundi zima lawashukia. Hapo kijana anasimama mbele ya panya asiyempenda ili apigwe yeye, na panya, kwa kuliona hilo, anaruka juu na kuwateremshia ndege umeme wa radi. Tangu hapo hawaachani. Nakiri nilijiinua kidogo mkekani.

Kuhusu lugha nina neno. Wanyama hawa, isipokuwa wachache, hawasemi kitu ila majina yao wenyewe. Pikachu husema "pika, pika", na mwenyeji wangu alicheka mpaka akalala chali: "Ami, ataka apikiwe chai!" Lakini nilipotafuta nikakuta kwamba kwa Kijapani "pika" ni mlio wa kitu kinachometa, na "chu" ni mlio wa panya. Ni tanakali, kama sisi tunavyosema jua linawaka waa na taa inazimika fu. Jina lote basi ni sauti mbili zilizofungwa pamoja, mwanga na mnyama, na mtunzi wa mashairi angefurahi kulipata. Mama aliyetoa sauti hiyo tangu mwanzo, Ikue Otani, ameachiwa aitoe hata katika tafsiri za lugha nyingine nyingi, maana hakuna aliyeona ingefaa kubadilishwa.

Lau wangekuwa waangalifu hivyo katika mengine! Kuna pahala wasafiri wetu wanakula vitonge vya wali, vyeupe, vyenye ukanda wa mwani, na mtazamaji aviona kwa macho yake. Wamarekani wakamfanya mmoja wao aviite donati zenye jamu. Ni sawa na kumwonyesha mtu biriani ukamwambia ni mkate wa siagi, eti kwa kuwa mtoto wa kwao hajui wali. Mtoto angeuliza, angejifunza kitu. Badala yake alifunzwa asiyaamini macho yake.

Sasa tuje kwenye kupigana, maana ndilo shitaka. Kweli hupigana karibu kila kipindi. Ila mpigano huu una adabu zake: hupangwa, hushindwa mmoja kwa mmoja, kila upande unasubiri zamu, maji yazima moto, moto waunguza majani, majani yanywa maji, na mnyama akizimia basi mchezo umekwisha, hauawi. Mshindi hupewa beji, na mara nyingi aliyeshindwa humpa mkono. Mimi nilikumbuka malumbano ya washairi wetu. Zama za Muyaka watu walitoleana beti kali kuliko radi ya panya huyu, na aliyeshindwa alikwenda kwake kunoa jibu.

Kilichonishika zaidi lakini hakikuwa pigano. Ni mjusi yule wa moto, Charmander. Bwana wake alimwacha juu ya jiwe, akamwambia amngojee, akaenda zake. Alimwona ni dhaifu. Mjusi akangoja. Mvua ikanyesha, naye akajifunika jani, kwani moto wa mkia wake ukizima naye hufa, na bado hakuondoka, kwa kuwa aliambiwa angoje. Huko bwana wake ameketi na wenziwe akicheka jinsi alivyomhadaa. Ash na wenzake wakamwokoa. Waandishi hawakuiachia hapo. Mjusi huyu akakua, akawa joka lenye mabawa, na nguvu zilipomjia akamdharau aliyemwokoa. Katika mashindano makubwa ya kwanza, Ash alishindwa kwa sababu joka lake lilijilaza uwanjani, likakataa kupigana. Shujaa anashindwa kwa kuwa nguvu alizonazo hazimtii! Ni baadaye tu, joka lilipogandishwa kwa barafu na Ash akakesha akilisugua mpaka viganja vikamchubuka, ndipo likarudi.

Na kuna kipepeo, aliyekuwa kiwavi alipokamatwa. Wakati wa kuhama wa vipepeo wenziwe ulipofika, Ash alimfungulia avuke bahari na mwenziwe. Kijana wangu alinyamaza kimya hapo, kisha akasema, "Ami, hapa mimi sipendi," lakini hakuizima.

Nisije nikaonekana nimelewa. Aibu ziko, tena nyingi. Wale majambazi watatu wanaomwandama Pikachu hushindwa kwa njia ile ile na kurushwa mbinguni kipindi baada ya kipindi, mpaka uwajue kama kibwagizo kilichochoka. Ash alibaki na miaka kumi tangu 1997 hadi mwaka 2023, alipompisha msichana Liko, na ubingwa wa dunia aliupata Novemba 2022. Na viumbe vyenyewe vilianza 151, leo vimepita elfu moja. Huhitaji kuwa mfanyabiashara kujua kwa nini. Kila kimoja ni kadi, ni mwanasesere, ni begi la shule.

Tena kuna usiku wa 16 Desemba 1997 huko Japani, ambapo umeme wa Pikachu ulichorwa kwa mianga myekundu na ya samawati ya kupokezana upesi mno, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na kifafa. Katuni ilisimamishwa miezi minne, na kipindi kile hakikuonyeshwa tena. Mtoto na akae mbali na kioo, taa ya chumba ikiwaka.

Upande wa dini, wenzetu wa Saudi Arabia walipiga marufuku michezo na kadi za Pokémon mwaka 2001, hoja kubwa ikiwa ni kamari. Kadi huuzwa katika pakiti iliyofungwa. Mnunuzi hutoa fedha asijue atapata nini, mwenye bahati atoke na ya thamani. Hapo mimi nasimama nao. Tulifunzwa biashara ya kitu kisichojulikana ina gharari. Tulifunzwa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane, na hilo lilinikera kila nilipotazama, hata kama ni wino na rangi. Nilimuuliza kijana: "Wewe jogoo wa nyumbani utampiganisha?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Ami, si ataumia?"

Nilimwambia babake: katuni muachie, ukae naye siku mojamoja, kadi alizonazo mrudishie, pakiti mpya usimnunulie. Hakuridhika sana, alitaka neno moja, halali au haramu. Alizikusanya kadi zake, akaaga. Usiku nilipokunja mkeka nikakuta moja imesalia chini yake, yule mjusi mwenye moto mkiani. Sijaipeleka bado.