Kodi ya Mwezi, Kipato cha Siku

Ikifika tarehe tano, keateka wa ploti za Kitale huanza kupita mlango hadi mlango. Mwenye ujumbe wa M-Pesa anauonyesha, jina linatiwa alama daftarini, maisha yanaendelea. Asiye nao huanza kueleza: kazi ya mjengo ilisimama, mwajiri hajalipa, mtoto alilazwa. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Chumba chenyewe si ghali kupita uwezo wa mpangaji. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba anahesabu kwa miezi na mpangaji anaishi kwa siku.

Hali hiyo haifichiki Kipsongo, mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa mji. Wakazi wake wengi wana asili ya Turkana, na familia nyingi zilishuka kutoka kaskazini zikikimbia ukame na wizi wa mifugo. Riziki yao ni kibarua: kupakia na kupakua magunia, kufua nguo za watu, kuokota vyuma chakavu, kupalilia mashamba ya wengine. Malipo hutolewa jioni, na kuna siku ambazo jioni haileti kitu. Anayetaka kutoka kwenye kibanda cha nailoni na matope ahamie chumba cha matofali katika mitaa ya Matisi, Tuwan au Mitume, hesabu yake inaanzia hapo.

Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa shilingi 400 kwa siku na kupata kazi siku 22 kwa mwezi. Kipato chake ni shilingi 8,800. Ameona chumba cha shilingi 2,500. Washauri wa fedha husema kodi isizidi theluthi moja ya kipato, na kwa kipimo hicho huyu amefaulu bila wasiwasi. Lakini theluthi ni kipimo kilichokatwa kwa wenye mishahara. Akishalipa kodi anabaki na shilingi 6,300, yaani 210 kwa kila siku ya mwezi, zikiwemo Jumapili na siku za mvua. Humo ndimo mna unga, sukuma wiki, makaa, maji, tokeni za stima, sabuni na daftari la mtoto.

Siku ya kuingia ndiyo nzito zaidi. Anatakiwa kodi ya mwezi wa kwanza 2,500 na dipoziti ya 2,500. Mkokoteni wa kubeba godoro, meza na masufuria tuuhesabie 300. Wapangaji wengi hubadilisha kufuli hata kama la zamani linafunga, kwa kuwa hawajui funguo za aliyehama ziko mikononi mwa nani. Pamoja na balbu, tuseme 400. Jumla ni shilingi 5,700, ambazo ni malipo ya zaidi ya siku 14 za kazi, na hajala. Hapo ndipo wengi huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, na wakishaenda, bajeti ya mwezi wa pili imevunjika kabla pazia halijaning'inizwa kutenganisha kitanda na viti.

Dawa yake ni kugeuza kodi iwe deni la kila siku. Mtu wetu akitenga shilingi 125 kila jioni aliyolipwa, siku 20 zinatosha kodi yote, na siku mbili zilizobaki zinamwekea 250 za tahadhari. Kwa wengi kazi ngumu si kutenga pesa hizo bali kutoziona tena hadi mwisho wa mwezi. Noti iliyofichwa chini ya godoro ina miguu. Ndiyo maana wengine huziweka katika M-Shwari, huduma ya akiba iliyoanza mwaka 2012, ambayo humruhusu mtu kuzifungia pesa kwa muda, na wengine hukiamini zaidi chama cha kina mama, ambako aibu ya kutolipa hufanya kazi ya kufuli. Anayepanga kuhama aanze kutenga hivyo miezi mitatu kabla, akiwa bado kwenye kibanda cha bei nafuu.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya bajeti vya Nairobi havitaji: mahindi. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, huishi kwa msimu mmoja mkubwa. Mvua huanza Machi, watu hupanda, palizi hufuata, na mavuno huja kati ya Oktoba na Desemba. Kazi hizo zinapopamba moto, vibarua hupatikana. Katikati, hasa Julai na Agosti, mashamba huwa yanajilea yenyewe na kazi hupungua, ilhali kodi haipungui. Miezi hiyo ndiyo ya baridi pia, kwani Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na makaa huongezeka kwenye matumizi. (Jiko la makaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake huua watu usingizini.) Mtu wa kibarua wa Kitale anahitaji kuvuka Desemba akiwa na kodi ya Julai mkononi, na anahitaji kufanya hivyo kabla Januari haijaja na karo za shule.

Upande wa Bungoma, kaunti jirani, mahesabu yana sura nyingine lakini ugonjwa ni ule ule. Mkulima wa miwa husubiri takriban miezi 18 zao likomae. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii anayepanga nje ya chuo hutegemea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unaokuja kwa muhula. Pesa nyingi kwa mkupuo zina hatari yake: mwezi wa kwanza ni wa bedsita na chipsi kuku, wa tatu ni wa kujificha keateka. Anayepokea kwa mkupuo afadhali alipe kodi ya miezi kadhaa mbele, achukue risiti, kisha ndipo aulize chipsi.

Kabla ya kulipa chochote, chumba kikaguliwe kama ng'ombe mnadani. Chungulia nyuma ya ukuta uone maji machafu yanaelekea wapi. Hesabu milango inayotumia choo kimoja. Uliza kama maji ya bomba yako ndani ya kodi au yananunuliwa kwa mtungi. Halafu tafuta mita ya stima, kwa sababu hapo pesa huvuja kimya kimya.

Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani nchini Kenya imegawanywa kwa ngazi tatu: matumizi yasiyozidi yuniti 30 kwa mwezi, ya kati ya 31 na 100, na yanayozidi 100. Ngazi ya kwanza ndiyo nafuu kwa kila yuniti. Sasa fikiria ploti ya milango kumi inayotumia mita moja, kila mlango ukichoma yuniti 15. Kila mpangaji peke yake angekuwa ngazi ya chini kabisa. Wote pamoja ni yuniti 150, na wanalipishwa bei ya anayetumia nyingi. Chumba chenye mita yake kinachozidi jirani kwa shilingi 200 huenda ndicho cha bei nafuu. Vivyo hivyo umbali: chumba kilichopungua shilingi 1,000 lakini kinachohitaji boda ya 50 kwenda na 50 kurudi, siku 22, kimeongeza 2,200.

Sheria nayo imo kwenye hesabu. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji ili ahame au alipe zaidi, na kuna jopo maalumu la kusikiliza mizozo hiyo. Bedsita ya 5,000 iko nje ya sheria hiyo. Mpangaji wake hutegemea mkataba aliotia sahihi na Sheria ya Ardhi ya 2012, ambayo kwa anayelipa kwa mwezi humpa haki ya notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa usifutwe, na dipoziti iandikwe kwenye risiti yake, mbali na kodi, maana ndiyo inayosahauliwa siku ya kuhama.

Wenye ploti nao wana nafasi yao. Mpangaji anayelipwa kila jioni anaweza kulipa shilingi 625 kila Jumamosi kwa urahisi kuliko 2,500 tarehe tano, na simu huweka kumbukumbu ya kila senti. Wanaopangisha jirani na Kipsongo wakubali kodi ya wiki. Watahangaika kidogo na daftari, lakini watafukuzana na wapangaji mara chache zaidi.