Kabla ya Kutia Dawa ya Minyoo Tangini

Samaki wa tangini akikonda huku anakula vizuri, mfugaji hukimbilia dukani kuulizia dawa ya minyoo. Anapewa iliyopo, anaitia majini, anasubiri. Samaki akifa, minyoo ndio hulaumiwa, hata kama hakuwa na mnyoo hata mmoja. Utumbo wa samaki unaweza kubeba minyoo duara, minyoo bapa aina ya tegu, au vijidudu vya seli moja visivyoonekana kwa macho, na dawa inayoua kundi moja mara nyingi hailigusi kundi jingine. Prazikwanteli inamwondoa tegu vizuri sana, lakini minyoo duara hawaijali. Metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa jina la Flagyl, ni ya vijidudu. Mnyoo haimfanyi kitu.

Dalili inayopotosha kuliko zote ni kinyesi cheupe, chembamba, kinachoning'inia nyuma ya samaki. Wafugaji wameaminishana kwamba hiyo ni minyoo. Mara nyingi ni ute wa utumbo tu, unaotoka kwa sababu samaki hajala. Kwa nini hajala ndilo swali la kufuatilia: pengine ana vijidudu, pengine maji yamechafuka, pengine kahamishwa jana na bado ana hofu. Pima amonia na naitraiti kabla ya kufikiria dawa yoyote. Tropheus wa Ziwa Tanganyika wananihuzunisha zaidi hapa. Wao hula mwani wa kwenye miamba na wana utumbo mrefu. Wakilishwa nyama nyingi au wakisumbuliwa safarini huvimba tumbo haraka, kisha mtu anawatia dawa ya minyoo.

Jibu la kweli liko kwenye hadubini, na hadubini ya kawaida ya shuleni inatosha. Mweke samaki kwenye chombo kitupu kisicho na changarawe, umsubiri aende haja. Kivute kinyesi kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, weka kipande kidogo mno kwenye kioo, ongeza tone la maji ya tangi, funika kwa kioo chembamba na utazame papo hapo. Upesi una maana yake: Spironucleus, kijidudu kinachowasumbua sana samaki aina ya diskasi na malaika, hutambulika kwa mwendo wake, na kikishatulia utakipita bila kukijua. Anza na ukuzaji wa mara 40, panda hadi 100, kisha 400. Ukiona vitu vidogo vya umbo la pea vikikimbia huku na huko kwa kasi, hivyo ndivyo. Vichache si ugonjwa, kwani samaki wengi wazima huishi navyo. Vikijaa kila unapotazama, na samaki amekonda, hapo metronidazoli ina kazi. Ukikuta yai kama limau lililozibwa ncha zote mbili, huyo ni mnyoo duara anayeitwa Capillaria, na metronidazoli irudi kabatini. Samaki aliyekufa naye anaweza kupasuliwa na kuchunguzwa, ila awe amekufa muda huohuo, na asigandishwe kwenye friza.

Yuko mnyoo mmoja asiyehitaji hadubini. Camallanus cotti huwapata hasa gapi na jamaa zao wanaozaa watoto hai. Samaki akitulia utaona nyuzi nyekundu zimechomoza kwenye tundu la haja; akishtuka zinarudi ndani. Mdomo wa mnyoo huyu una magamba mawili magumu yanayoung'ata ukuta wa utumbo, naye hufyonza damu. Jike hatagi mayai, anazaa mabuu hai wanaozama chini ya tangi na kuliwa na wadudu wadogo wa majini, kisha samaki huwala wadudu hao. Ndani ya tangi mabuu wanaweza hata kuingia moja kwa moja kwa samaki bila mdudu wa kati. Ukimwona mmoja mwenye nyuzi, hesabu kwamba tangi zima limeambukizwa.

Dawa yake ni levamizoli, ile ya mbuzi na kondoo inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Soma lebo neno kwa neno. Chupa nyingi huichanganya na oksiklozanidi ya minyoo wa ini, ambayo ni ya jamii moja na niklosamidi, kemikali inayojulikana kwa kuua samaki. Usiichukue hiyo. Wala usikubali kupewa ivamektini kama mbadala. Kipimo chake kwa samaki kiko karibu mno na sumu. Tafuta levamizoli peke yake, kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kila lita ya maji. Hesabu maji halisi, kwa sababu changarawe na mawe hula nafasi: tangi lenye lita 80 za maji linataka miligramu 160, yaani mililita 1.6 ya dawa ya asilimia 10. Toa mkaa kwenye chujio, la sivyo utainyonya dawa. Baada ya saa 24 badilisha nusu ya maji na unyonye sakafu yote kwa mpira, maana levamizoli huwapooza minyoo na wengi huanguka wangali hai. Rudia baada ya wiki 2 au 3, hata kama nyuzi hazionekani tena.

Mnyoo huyu alielezwa kitaalamu Japani mwaka 1927, na biashara ya samaki wa mapambo imemsambaza mbali. Hawaii alifika pamoja na samaki wa kigeni, na sasa yumo ndani ya samaki wa asili wa mito ya visiwa hivyo. Maji uliyoyanyonya sakafuni yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro au kijito, na ndoo, mpira na wavu vikauke kabisa juani kabla ya kuingia tangi jingine.