UZEE WA MIAKA MINGI SI UGONJWA

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini katika nchi ya Meru na Embu si rahisi kujua mzee sana ameishi miaka mingapi. Wengi walizaliwa kabla ya vizazi kuandikishwa, nao huhesabu kwa rika la kutahiriwa au kwa mambo makubwa yaliyotukia. Aliyekuwa na miaka 20 Hali ya Hatari ilipotangazwa, Oktoba 1952, alitimiza miaka 90 katika mwaka 2022. Hesabu hiyo ina faida, kwani mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi.

Hata hivyo, miaka haionyeshi nguvu za mtu. Mzee mmoja wa miaka 90 hupanda mteremko wa shamba lake la kahawa. Mwenzake wa rika moja hawezi kutoka mlangoni. Madaktari wa Boston, Marekani, wamewachunguza watu waliopita miaka 100 tangu miaka ya 1990. Waliona kwamba wengi wa wale waliofika 110 hawakupatwa na maradhi mazito ila karibu na mwisho wa maisha yao. Kumbe kuishi sana si kuugua sana.

Bibi Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122, alijitegemea nyumbani kwake hadi miaka 110. Alikuwa akitembea hata alipoanguka na kuvunjika mfupa wa paja, akiwa na miaka 114. Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo neno “ni uzee tu” lina hatari. Asiyeona huenda ana mtoto wa jicho, ambao daktari huuondoa kwa upasuaji. Aliyechanganyikiwa ghafula huenda ana homa ya mapafu. Asiye na meno hudhoofika kwa kukosa chakula, si kwa wingi wa miaka; apewe maharagwe yaliyopondwa, mayai na maziwa. Njia ya chooni isawazishwe, taa iwepo usiku, na mkongojo uwe karibu. Wala asinyang’anywe kazi ndogo anazoziweza, kwa maana miguu isiyotumika hupoteza nguvu upesi.

Yafaa kila nyumba yenye mzee ijiulize: ni jambo gani aliloliweza mwaka jana, ambalo leo haliwezi? Jibu lake lipelekwe kwa daktari mapema.